Uzi: Udongo tifutifu wenye changarawe katika nyanda za malisho za Isimani, Pawaga na Usangu

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ndugu zangu wa Iringa, kamwene.

Ninafungua uzi huu kwa sababu kila inapofika zamu ya kijiji kupanga matumizi ya ardhi, ninasikia eneo lenye changarawe likiitwa ardhi mbovu, na kwa hukumu hiyo linafanyiwa mambo mawili yanayoliharibu. Ama linaachiwa mifugo mwaka mzima bila utaratibu wowote, ama linapasuliwa kwa plau na kupandwa mahindi na mtu aliyekosa shamba kwingine. Maoni yangu ni kwamba udongo tifutifu wenye changarawe ni udongo mzuri ambao sehemu ya nafasi yake imechukuliwa na mawe, na kwamba katika ukanda wetu wa mvua chache unafaa sana kwa malisho na haufai kwa plau. Nitaeleza sababu kwa kirefu, na ninawaomba wenye uzoefu waongeze.

Ukanda ninaouzungumzia unaanza pale unapoiacha miinuko ya Iringa na kuteremka kuelekea Mtera. Mjini Iringa uko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, ilhali Mtera uko kwenye mita 700 hivi, na kadiri unavyoshuka ndivyo mvua inavyopungua, mibuyu na migunga inavyoongezeka, na mawe yanavyoanza kuonekana juu ya ardhi. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili. Jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 700, na mara nyingi Februari huingia ukavu wa wiki mbili au tatu katikati ya msimu. Pembezoni mwa bonde la Usangu, chini ya milima ya Chimala, hali inafanana na hiyo, ingawa ukifika katikati ya bonde unakuta mfinyanzi mweusi wa mbugani ambao ni habari nyingine kabisa. Miamba iliyozaa udongo wa Isimani ni ya kale sana, ya aina ya graniti na nisi, na changarawe nyingi unazozikanyaga ni vipande vya kwatsi, yale mawe meupe magumu ambayo hayaozi mwamba wenzake unapooza.

Tuanze na muundo wenyewe. Udongo unapopimwa, chochote kinachozidi milimita 2 huhesabiwa kuwa jiwe, na kilicho chini ya hapo ndicho udongo laini. Udongo laini huwa na mchanga, silti (chembe ndogo kuliko mchanga lakini kubwa kuliko mfinyanzi) na mfinyanzi. Ukiwa tifutifu, mfinyanzi huwa kati ya asilimia 7 na 27, silti kati ya asilimia 28 na 50, na mchanga haufiki asilimia 53. Ukiulowesha na kuufinyanga kiganjani, unakubali kuwa donge, lakini ukijaribu kuusukuma utoke kama utepe kati ya kidole gumba na cha shahada, utepe unakatika kabla haujafika sentimita mbili na nusu. Mawe ya milimita 2 hadi 75 yakichukua asilimia 15 hadi 35 ya ujazo wote, udongo huo huitwa wenye changarawe. Yakivuka asilimia 35, huitwa wenye changarawe nyingi.

Neno la kushika hapo ni ujazo. Watu wengi hupima kwa mizani, na mizani huwapa picha mbaya kuliko hali ilivyo. Jiwe la kwatsi lina uzito wa kilo 2,650 hivi kwa meta ya ujazo, ilhali udongo laini pamoja na matundu yake una kilo 1,300 hivi. Kwa hiyo udongo ambao mawe yamechukua asilimia 30 ya nafasi yake utakuonyesha kwamba mawe ni karibu asilimia 47 ya uzito. Mtu anayesoma 47 anakata tamaa na kuliacha eneo, kumbe asilimia 70 ya shimo lake ni udongo wenye uhai. Njia nyepesi ni kuchimba shimo dogo la pembe nne ulilolipima vizuri, kuchekecha udongo kwenye wavu wa milimita 2, kisha kutumbukiza mawe yaliyobaki kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni na kuyakinga maji yanayomwagika. Ujazo wa maji hayo ndio ujazo wa mawe. Ugawe kwa ujazo wa shimo upate jibu.

Jambo hilohilo linahusu vipimo vya maabara. Sampuli ikifika maabara, iwe ni TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Uyole, TARI Mlingano au Chuo Kikuu cha Sokoine, huchekechwa kwanza, na naitrojeni, fosforasi na kaboni (kipimo cha mboji) unazoletewa kwenye karatasi ni za udongo laini peke yake. Maabara haijakosea, ndivyo upimaji unavyofanyika. Kazi ya kurudisha mawe kwenye hesabu ni yako. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina meta za ujazo 2,000, sawa na tani 2,600 za udongo usio na mawe. Mawe yakiwa asilimia 30, unabaki na tani 1,820. Kama karatasi inasema kaboni ni asilimia 0.8, usidhani una tani 21 za kaboni katika hekta hiyo. Una tani 14 na nusu. Ni upungufu mkubwa katika ardhi ambayo tangu mwanzo haina mboji nyingi, kwa kuwa joto na ukavu wa muda mrefu haviachi majani yakaoza taratibu kama kule Mufindi au Njombe.

Sasa maji, na hapa ndipo penye kiini cha yote ninayoyasema. Udongo tifutifu usio na mawe huweza kushika kiasi cha milimita 160 za maji yanayonyonyeka na mmea katika kila meta moja ya kina. Kwatsi hainywi maji. Mawe yakichukua asilimia 30, ghala hilo linashuka hadi milimita 112, na kwa kuwa katika maeneo mengi ya Isimani unakuta mwamba uliolegea kwenye nusu meta tu, mmea unabakiwa na milimita 56. Mahindi yanayotoa mbelewele kwenye jua kali yanatumia milimita 5 au 6 kwa siku. Ghala likiwa limejaa kabisa, yatakunywa kwa siku kumi hivi, na ukavu wa Februari haujui siku kumi. Hii ndiyo sababu shamba la changarawe linaonekana la kijani mpaka mwisho wa Januari, kisha linaungua lote ndani ya wiki moja, na mkulima anasema mvua imemhujumu. Mvua ya namna hiyo ni ya kawaida kwa ukanda huu. Ghala ndilo dogo.

Lakini tazameni upande wa pili. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya udongo tifutifu mkavu usio na mawe na ikazama yote, itaulowesha hadi kina cha sentimita 19 hivi. Mvua ileile juu ya udongo wenye mawe asilimia 30 itafika sentimita 27, kwa sababu maji hayana budi kugawana nafasi ndogo na hivyo yanakwenda chini zaidi. Katika nchi ya jua kali, maji yaliyo chini ya sentimita 20 yako salama kuliko yaliyo juu, kwani yale ya juu yananyakuliwa na jua kabla mzizi haujayapata. Mfugaji yeyote makini ameliona hili bila mizani: mvua za kwanza zinaponyesha, miteremko ya changarawe huota majani mapema, wakati mbuga ya mfinyanzi bado haijabadilika rangi. Nyasi za kudumu zimeumbwa kwa mpango huo. Zinachipua mara moja, zinakunywa kilichopo, na ukavu ukiingia zinalala na kusubiri, jambo ambalo hindi haliwezi.

Mawe yaliyolala juu nayo yana kazi yake. Nendeni mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha, mfunue jiwe bapa la ukubwa wa kiganja lililolala huru juu ya ardhi. Chini yake mtakuta udongo wenye rangi iliyoiva kuliko ule wa pembeni, una ubaridi, na vijizizi vyeupe vya nyasi vimetambaa vikifuata umbo la jiwe, mara nyingi pamoja na vijia vya mchwa. Jiwe hilo limepokea matone ya mvua yasiupige udongo, limezuia gamba, yaani tabaka jembamba gumu la juu ya udongo, lisijitengeneze, na limepunguza maji yanayopotea kwa jua. Sharti lake ni kwamba jiwe liwe limelala juu. Likiwa limezama na kushikwa na gamba gumu kama tofali ndani ya saruji, kazi inageuka: maji yanagonga jiwe, yanateleza juu ya gamba, na mteremko unatiririsha zaidi kuliko kama mawe yasingekuwepo. Kinachozamisha mawe na kuleta gamba ni kwato nyingi kupita mahali pamoja ardhi ikiwa imelowa, pamoja na kukosekana kwa majani.

Mchangiaji wa Pawaga

Shikamoo mleta uzi, na asante kwa somo. Wazee wetu walituagiza kuokota mawe shambani na kuyarundika pembeni, na sisi tuliamini ndio usafi wa shamba. Je, unatushauri tuache? Na nitajuaje kama mawe yaliyoko juu yalikuwepo tangu zamani au yametokea kwa sababu udongo umeondoka?

Mleta uzi

Marahaba, dada yangu, na swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kwenye bustani unayoimwagilia, au shamba dogo la jembe la mkono, okota mawe makubwa yanayokukwaza, ila usiyarundike. Yapange kwa mstari unaokata mteremko, ukitumia fremu A (miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A, yenye uzi na jiwe linaloning'inia) kupata usawa, ili yapunguze mwendo wa maji na kukamata udongo. Kwenye eneo la malisho, usiguse jiwe.

Kuhusu kujua kama udongo umeondoka, usihesabu mawe; tazama mashina ya nyasi za kudumu. Mahali ambapo udongo umekokolewa, kila shina husimama juu ya kijichuguu chake, na mizizi yake ya juu iko wazi upande wa bondeni. Chukua rula upime kutoka shingo ya shina, mahali mizizi inapoanzia, hadi usawa wa ardhi ya sasa. Ukipata sentimita 3, basi ardhi imepoteza kina hicho tangu shina lile lilipoota. Usione ni kidogo: sentimita 1 ya udongo laini katika hekta moja ni meta za ujazo 100, yaani tani 130. Maji huchukua kwanza chembe laini, zile zenye mboji na rutuba, na kuacha changarawe, kwa hiyo kila mwaka mawe yanaonekana kana kwamba yanaongezeka. Hayajaongezeka hata moja. Ndiyo maana udongo wa Isimani unaoishia bwawani Mtera ni ule mlaini, na uliobaki nyumbani ni ule wa mawe.

Ishara nyingine ni aina ya nyasi. Ukiona nyasi nyembamba zenye miiba mitatu kwenye mbegu, zile za jamii ya Aristida, zimetawala mahali ambapo zamani palikuwa na nyasi laini za kudumu, ardhi hiyo imechoka.

Mchangiaji wa Uyole

Mkuu, hesabu yako ya maji inadhani kila changarawe ni kavu kama chupa. Huku kwetu Uyole ukichimba unakutana na tabaka la vijiwe vyepesi ambavyo ukivitupa majini vinaelea. Je, navyo tuviondoe kwenye ghala la maji?

Mleta uzi

Umefanya vyema kulileta hilo, maana kuna hatari watu wa Mbeya wakachukua hesabu ya Isimani na kuipeleka mahali isipohusika. Vijiwe vyenu ni vya volkano, povu la lava lililoganda, na vilirushwa na milima ya Rungwe na majirani zake. Vimejaa matundu, na sehemu ya matundu hayo hupokea maji na kuyatoa polepole kwa mizizi. Kwa changarawe ya namna hiyo, kuondoa ujazo wote wa mawe ni kujidhulumu. Tena mvua yenu na kina cha udongo wenu si vya nusu ukame. Hesabu yangu ni ya kwatsi, graniti na nisi.

Kuna aina ya tatu, changarawe nyekundu ya chuma ambayo watu hujengea barabara, yaani moramu. Hiyo huwa na vitundu kidogo, lakini tatizo lake kubwa ni kwamba chini yake mara nyingi kuna tabaka lililoshikana ambalo mzizi haupiti. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, vunja jiwe utazame ndani, kisha chimba shimo mpaka ukutane na kizuizi. Kina cha shimo kitakueleza mengi kuliko rangi ya udongo.

Mchangiaji wa Mbarali

Mimi ni mfugaji, asili yangu Shinyanga, na ng'ombe ndio maisha yangu. Ninaomba mleta uzi atuambie kwa lugha ya mifugo: eneo la namna hii linabeba ng'ombe wangapi? Wataalamu wanaokuja hutwambia tupunguze, lakini hawatuonyeshi hesabu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, una haki ya kuonyeshwa hesabu, na mfugaji asiyeonyeshwa hesabu hana sababu ya kukubali.

Ng'ombe wa kilo 250 hula malisho makavu yanayokaribia asilimia 2.5 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 6 na robo, au kilo 2,280 kwa mwaka. Sasa pima malisho yako mwishoni mwa msimu. Weka fremu ya meta moja kwa meta moja mahali kadhaa pasipochaguliwa kwa kupendelea, kata majani yote, yaanike mpaka yakauke kabisa, uyapime. Tuseme umepata wastani wa gramu 100 kwa fremu. Hiyo ni kilo 1,000 kwa hekta. Usihesabu zote. Nusu yake iache ibaki ardhini, kwa kuwa hiyo ndiyo inayolinda mashina, inayopokea matone ya mvua, na inayogeuka mboji. Ukibakiwa na kilo 500, ng'ombe mmoja anahitaji hekta 4 na nusu hivi kwa mwaka. Kwenye mteremko mkali, au mahali mashina yamesimama juu ya vichuguu kama nilivyomweleza dada wa Pawaga, mimi ningeacha theluthi mbili.

Zingatia kwamba mavuno ya udongo huu yanapanda na kushuka sana kati ya mwaka na mwaka, kwa sababu ghala lake la maji ni dogo na linategemea mvua inavyogawanyika kuliko jumla yake. Idadi ya mifugo iliyopangwa kwa mwaka wa neema itaua ardhi mwaka wa ukame.

Wewe ni mtu wa Shinyanga, kwa hiyo ngitili huhitaji kufundishwa. Kutenga eneo tangu mvua zinapoanza, likafungwa mpaka kiangazi kikali, ndiyo matumizi bora ninayoyajua kwa udongo huu, maana nyasi zinapata nafasi ya kutoa mbegu, na kwato hazikanyagi ardhi ikiwa imelowa. Kule Kondoa serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka mwaka 1979, na majani na miti vikarudi. Sisemi tufike huko. Kuondoa ng'ombe wote kulikuwa na maumivu yake kwa wenye mifugo. Ninasema tu kwamba ardhi iliyoonekana imekufa ilifunikwa tena na majani ilipopumzishwa, na ngitili inapumzisha ardhi huku mifugo ikibaki mikononi mwa mwenyewe.

Mchangiaji wa Isimani

Mleta uzi unasema changarawe haifai kwa mahindi, lakini historia inakukana. Miaka ya 1950 na 1960 Isimani ililisha watu wengi, matrekta yalikuwa yakilima usiku na mchana, na ardhi ni hiihii. Wengine tumeshalima maeneo hayo muda mrefu na sasa hayatoi hata gunia mbili kwa eka. Tufanye nini?

Mleta uzi

Mzee wangu, sikanushi historia hiyo, na ni heshima kubwa kwa Isimani. Lakini yale mavuno yalitoka kwenye mboji iliyojikusanya kwa vizazi vingi chini ya vichaka ambavyo havijawahi kulimwa. Plau ilipofungua ardhi, mboji hiyo iliungua kwa haraka na kutoa naitrojeni kwa miaka kadhaa, kama akiba inayotumiwa bila kuwekewa. Mahali palipokuwa na udongo wa kina, akiba ilidumu. Kwenye miteremko ya changarawe iliisha mapema, na maji yakachukua sehemu ya udongo wenyewe. Mabonde yenye kina hapo Isimani bado yanafaa kulimwa, na kwa mvua ile ningechagua mtama au alizeti mbele ya mahindi. Hoja yangu inahusu miteremko ambako shimo linagonga mwamba kabla ya nusu meta.

Kwa miteremko iliyokwisha kulimwa na kuchoka, ninashauri irudishwe kwenye nyasi. Usiiache tu ukitegemea itajirudia, kwani juu ya gamba gumu mbegu haina pa kushika. Kabla ya mvua za Desemba, kwaruza mifereji myepesi inayokata mteremko, au chimba mabwawa madogo ya umbo la nusu mwezi, ukielekeza mdomo juu kunakotoka maji, na udongo uliochimbwa uuweke ukingoni upande wa chini. Mawe uliyonayo yatumie kuimarisha kingo hizo. Visiki vya migunga vinavyochipua usivikate. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, pogoa mengine, ndiyo njia ambayo wenzetu wa Dodoma wanaiita kisiki hai.

Kwa mbegu, nyasi za Cenchrus zinastahimili ukame na zinapenda udongo mwepesi wa namna hii, na TALIRI Mpwapwa, taasisi ya utafiti wa mifugo, ambao mazingira yao ni ya ukame kama haya ya kwetu, ndio ningewaendea kwanza kwa ushauri. Mbegu zake zina manyoya na hupeperuka, kwa hiyo zichanganye na mchanga wenye unyevu kabla ya kumwaga, uzifunike kwa udongo usiozidi sentimita 1 au 2, kisha tandaza matawi ya miiba juu yake. Miiba hiyo itazuia mbuzi na itakamata majani yanayopeperushwa na upepo. Msimu wa kwanza mifugo isiingie kabisa. Msimu wa pili waingie baada ya mbegu kukomaa na kuanguka, ardhi ikiwa kavu, na watolewe majani yakiwa bado yanafika kwenye kifundo cha mguu.